Muharraq: Siku moja katika njia ya lulu na madeni yake

KABLA ya mafuta kugunduliwa, utajiri wa Ghuba ulipimwa kwa kitu kidogo mno ambacho mtu angeweza kukificha chini ya ulimi. Lulu ndiyo iliyojenga miji ya pwani hiyo, ikawapa masheikh kodi na wafanyabiashara majumba ya ghorofa, na ikawaacha maelfu ya wapiga mbizi na madeni ambayo wengi wao waliingia nayo kaburini.

Pahali ambapo historia hiyo ingali inaweza kufuatwa kwa miguu, tena kwa siku moja tu, ni Muharraq, mji mkongwe wa Bahrain. Mgeni hana safari ndefu ya kuufikia kwa sababu uwanja wa ndege wa kimataifa wa nchi hiyo umejengwa katika kisiwa hicho hicho. Mkenya anayefanya kazi Manama, ng'ambo ya pili ya daraja, aweza kuondoka kwake asubuhi siku yake ya mapumziko na kurejea usiku.

Muharraq ulikuwa makao ya watawala wa ukoo wa Al Khalifa tangu mwanzoni mwa karne ya 19 hadi Manama ilipotwaa nafasi hiyo katika karne iliyofuata. Kuhamishwa kwa makao makuu kuliunyima mji huo fahari, lakini ndiko kulikouokoa. Manama ilipokuwa ikibomoa ya kale na kusimamisha majumba ya vioo, vichochoro vya Muharraq vilibaki vyembamba kama vilivyokuwa. Mwaka 2012, Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) liliorodhesha urithi wa lulu wa Bahrain miongoni mwa turathi za dunia. Orodha hiyo inajumuisha majengo 17 mjini, mafungu matatu ya chaza baharini, ukanda mdogo wa ufuo na ngome ya Bu Mahir. Majengo hayo yameunganishwa na njia ya waendao kwa miguu yenye urefu wa kilomita 3.5, na mgeni huongozwa na taa za mviringo zilizotengenezwa kwa mfano wa lulu.

Wakati mzuri wa kuizuru ni kati ya Novemba na Machi. Wakati wa kiangazi joto la Bahrain hupita nyuzi 40, na unyevu wa bahari huifanya hewa iwe nzito kama blanketi lililoloa. Lakini asisahau mgeni kwamba kiangazi hicho hicho ndicho kilichokuwa msimu wa kuzamia lulu.

Asubuhi ufuoni

Mwanzo ufaao ni Bu Mahir, ncha ya kusini ya kisiwa. Ngome yenyewe imebaki mnara mmoja na misingi tu, kwa kuwa Waingereza waliishambulia kwa mizinga mwaka 1868. Kilicho muhimu zaidi ni kipande cha mchanga kilicho kando yake. Katika miongo iliyofuata ugunduzi wa mafuta, bahari ya Muharraq ilijazwa udongo ili kupata ardhi mpya, hata nyumba zilizokuwa zikipigwa na mawimbi sasa ziko mbali na maji. Kipande cha Bu Mahir ni miongoni mwa sehemu chache za ufuo asilia zilizosalia karibu na mji, na kutoka hapo msafiri anaweza kuwaza jinsi mamia ya majahazi yalivyotweka tanga siku moja.

Siku hiyo iliitwa rakba. Mkuu wa wazamiaji, aliyeteuliwa na mtawala, alitangaza tarehe ya kuondoka, nayo majahazi yaling'oa nanga kwa pamoja mnamo Mei au Juni. Hayakurejea moja kwa moja hadi siku ya quffal, yaani siku ya kufunga msimu, yapata miezi minne baadaye. Kwa muda huo mji ulibaki wa wanawake, watoto na wazee. Wanawake walisimamia nyumba na mashamba ya mitende, na msimu ulipokaribia kwisha walishuka ufuoni kuimba, wakiilaumu bahari na kuisihi iwarudishe wanaume wao.

Ukubwa wa shughuli hiyo unashangaza. Mwanzoni mwa karne ya 20, afisa wa Kiingereza J.G. Lorimer, aliyekusanya habari za Ghuba kwa ajili ya serikali ya India, alihesabu majahazi 917 ya lulu nchini Bahrain pekee, yenye wanaume zaidi ya 17,000. Kwa visiwa vidogo kama hivyo, hiyo ina maana kwamba karibu kila nyumba ilikuwa na mtu baharini.

Biashara yenyewe ni ya kale sana. Pliny Mkubwa, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza, alikitaja kisiwa cha Tylos, jina ambalo Bahrain ilijulikana nalo zama hizo, kuwa mashuhuri kwa wingi wa lulu. Katika karne ya 14 Ibn Battuta, yule yule aliyezuru Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliwaeleza wazamiaji wa Ghuba na vibano vyao vya pua vilivyotengenezwa kwa gamba la kasa. Alidai pia kuwa baadhi yao hukaa chini ya maji kwa saa nzima au mbili, dai ambalo mapafu ya binadamu hayawezi kulikubali. Yamkini msafiri huyo aliandika alichosimuliwa na mabaharia, na mabaharia ni watu wa kuongeza chumvi.

Kazi yenyewe

Ukweli haukuhitaji kutiwa chumvi. Mpiga mbizi alikaa chini kwa dakika moja au moja na nusu, katika kina ambacho mara nyingi kilikuwa kati ya mita 10 na 20, kisha akapumzika kwa muda mfupi akiwa ameshika kamba kando ya jahazi, akazama tena. Alifanya hivyo mara makumi kadhaa kwa siku, tangu jua kuchomoza hadi kukaribia kuchwa, siku baada ya siku kwa miezi minne.

Vifaa vyake vilitoshea katika kikapu kimoja. Alikuwa na kibano cha pua kiitwacho fitam, vifuniko vya ngozi vya vidole ili asikatwe na makombe, kikapu cha kamba kiitwacho diyin alichokining'iniza shingoni, na jiwe zito lililofungwa kamba ya pili. Aliweka mguu katika kitanzi cha jiwe hilo, akavuta pumzi, akaachilia mwili ushuke. Alipofika chini alilitoa jiwe mguuni, nalo likavutwa juu, naye akaanza kung'oa chaza kwa haraka na kuwatia kikapuni. Pumzi ilipokaribia kumwishia aliitikisa kamba.

Aliyekuwa akiisubiri ishara hiyo ni mvutaji, saib kwa Kiarabu cha huko. Uhai wa mpiga mbizi ulikuwa mikononi mwake kwa maana halisi ya maneno. Akisinzia, akigeuka kuzungumza na mwenzake, akachelewa kwa nusu dakika, mtu alikufa. Ndiyo maana mpiga mbizi na mvutaji wake mara nyingi walikuwa ndugu au marafiki wa tangu utotoni. Aidha, katika jahazi mlikuwamo vijana wasaidizi, wavulana wadogo waliokuwa wakijifunza kazi, na mwimbaji aliyeitwa nahham, ambaye kazi yake ilikuwa kuimba ili wanaume wavute makasia, tanga na kamba kwa mpigo mmoja. Juu yao wote alikuwapo nahodha, cheo ambacho msomaji wa Kiswahili hahitaji kufasiriwa. Neno ni lile lile, lililosafiri kutoka Uajemi hadi pande zote mbili za bahari.

Wapiga mbizi walikula kidogo sana mchana, tende chache na kahawa, kwa kuwa tumbo lililojaa halizami. Chakula cha kweli, wali na samaki, kilikuja usiku. Maji ya kunywa yalikuwa machache, ingawa Bahrain ilijaliwa ajabu moja. Katika baadhi ya sehemu za bahari yake, chemchemi za maji matamu zilibubujika kutoka sakafu ya bahari yenyewe, na wazamiaji walishuka na viriba vya ngozi kuyateka chini ya maji ya chumvi. Nyingi ya chemchemi hizo zimekauka kutokana na uchimbaji wa visima vingi nchi kavu.

Hatari hazikuwa za kukosa pumzi tu. Palikuwa na papa, palikuwa na yavuyavu ambao walimfanya mzamiaji avae nguo za pamba mwili mzima wanapoibuka, palikuwa na ngozi iliyooza kwa chumvi, na zaidi ya yote masikio na macho. Wapiga mbizi wengi walikuwa viziwi au wameanza kupofuka kabla ya kuzeeka.

Chaza waliopatikana kutwa walirundikwa pamoja usiku, na asubuhi iliyofuata wakapasuliwa kwa visu mbele ya macho ya nahodha. Kwa kuwa walichanganywa, hakuna aliyejua ni nani aliyemtoa chaza mwenye lulu. Chaza wengi hawakuwa na kitu. Lulu kubwa na safi iliitwa dana, na wasichana wengi wa Ghuba bado hupewa jina hilo.

Majumba ya matumbawe

Kutoka ufuoni njia inaingia mjini, na hapo ndipo msafiri kutoka Lamu au Mji wa Kale wa Mombasa anapoanza kuhisi kwamba amewahi kupita mahali hapo. Kuta ni za mawe ya matumbawe na plasta nyeupe, vichochoro vimejipinda kutafuta kivuli, milango ni mizito na yenye nakshi, na ndani yake mna ua ulio wazi unaozungukwa na vyumba. Mbele ya nyumba za matajiri kuna majlis, chumba cha kupokea wageni ambacho hufanya kazi ile ile ya baraza ya Mswahili.

Kufanana huko si kwa sadfa. Msafiri akiinua macho ataziona boriti. Bahrain haina miti ya kujengea ila mitende, na kwa karne kadhaa dari za Ghuba zilishikiliwa na mikoko iliyokatwa Lamu na katika delta ya Rufiji. Majahazi yalikuja na upepo wa kaskazi yakiwa na tende, samaki wa chumvi na mazulia, yakarudi na kusi yakiwa yamejaa boriti, ambazo huko huitwa danchal. Vyumba vya Muharraq ni virefu na vyembamba kama vya Lamu kwa sababu moja tu, kwamba upana wa chumba ulilazimika kufuata urefu wa mkoko. Alan Villiers, baharia kutoka Australia aliyesafiri na Wakuwaiti msimu wa 1938 na 1939, alishuhudia mabaharia hao wakikata na kupakia boriti Rufiji katika matope ya kiunoni kabla ya kurejea Ghuba. Wengi wa mabaharia hao, wakifika kwao, walishuka katika jahazi la mizigo na kupanda la lulu.

Miongoni mwa majengo ya njia hiyo, yale ya ukoo wa Siyadi ndiyo yanayovuta macho zaidi: nyumba, majlis yenye nakshi za plasta zilizochongwa kwa ustadi, na msikiti uliojengwa mwaka 1865, ambao ndio wa kale zaidi kati ya misikiti iliyosalia mjini. Siyadi walikuwa wafanyabiashara wa lulu. Kuna pia nyumba ya Murad, kuna nyumba ya nahodha, na kando yake kuna nyumba ya Bin Matar, iliyojengwa mwaka 1905 na ambayo sasa ni makumbusho madogo. Mwenye muda asiikose nyumba ya Sheikh Isa bin Ali, mtawala aliyeshika hatamu mwaka 1869. Mnara wake wa upepo hunasa hewa ya juu na kuishusha chumbani, na mgeni akisimama chini yake huelewa mara moja jinsi watu walivyoishi bila umeme.

Katika majlis kama hizo ndimo lulu zilimopimwa. Mfanyabiashara alizichuja kwa mabakuli ya shaba yenye matundu ya ukubwa mbalimbali, akaziweka juu ya kitambaa chekundu ili rangi yake idhihirike, kisha akakadiria umbo, uzito na mng'ao. Bei mara nyingi haikutamkwa. Mnunuzi na muuzaji walishikana mikono chini ya nguo na kusemezana kwa vidole ili waliokaa karibu wasijue. Kutoka hapo lulu zilikwenda Bombay, na kutoka Bombay zikaenda London na Paris.

Mwaka 1912 Mfaransa Jacques Cartier, wa ukoo wa masonara wa Paris, alikata shauri kuiruka Bombay na kwenda mwenyewe Bahrain kuonana na wafanyabiashara hao. Kulikuwa na sababu. Wakati huo lulu ilikuwa ghali kuliko almasi, na kisa cha mwaka 1917 chatosha kueleza: nduguye, Pierre Cartier, alipata jumba la kifahari katika barabara ya Fifth Avenue, New York, kwa kubadilishana na mkufu wa lulu wa nyuzi mbili na dola 100. Mkufu huo ulikuwa umekadiriwa kuwa wa thamani ya dola milioni moja.

Daftari la mpiga mbizi

Kati ya majengo yote 17, nyumba ya Al-Ghus ndiyo ambayo wageni wengi huipita haraka. Ni ndogo na haina nakshi. Ilikuwa nyumba ya mpiga mbizi, na ingefaa mtu akae humo kwa muda mrefu kuliko anavyokaa kwa Siyadi.

Sababu ya nyumba za wazamiaji kuwa chache ni kwamba wengi wao waliishi katika vibanda vya makuti ya mtende. Mawe hudumu na makuti huoza. Basi urithi uliohifadhiwa, bila mtu yeyote kukusudia ubaya, umekuwa zaidi urithi wa waliokopesha kuliko wa waliokopa.

Na kukopa ndiko kulikokuwa mhimili wa shughuli nzima. Kabla ya rakba, nahodha alimpa kila mzamiaji arbuni ya kuiachia familia chakula. Nahodha naye alikuwa amekopa kutoka kwa mfanyabiashara. Msimu ulipokwisha, lulu ziliuzwa, gharama za chakula na za jahazi zikatolewa, na kilichobaki kikagawanywa kwa mafungu, mpiga mbizi akipata zaidi ya mvutaji na mvutaji zaidi ya kijana msaidizi. Wavulana wanaojifunza hawakuwa na fungu. Katika fungu lake mpiga mbizi alikatwa deni. Mara nyingi fungu halikutosha, naye akakopa tena ili apite majira ya baridi, na deni likaingia mwaka mwingine.

Mzamiaji hakuweza kumwacha nahodha wake na kwenda kwa mwingine mpaka apewe hati iliyoitwa barwa, iliyoeleza kiasi anachodaiwa, na nahodha mpya akubali kulibeba deni. Kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, hesabu ilibaki kuwa neno la nahodha dhidi ya neno la mdaiwa. Baba akifa, mwanawe au nduguye alitarajiwa kuzamia mahali pake.

Mageuzi yalianza katika miaka ya 1920 chini ya Sheikh Hamad bin Isa na maafisa wa Kiingereza. Manahodha walilazimishwa kumpa kila mtu daftari lake la hesabu, na kiwango cha arbuni kikawekwa na serikali. Matajiri waliyapinga mageuzi hayo, na baadhi ya wapiga mbizi vilevile, kwa kuwa waliona wazi arbuni inapungua lakini hawakuona bado faida ya daftari. Mwaka 1932, arbuni ilipopunguzwa tena kwa sababu ya hali mbaya ya soko, wazamiaji walizua ghasia ambazo zilizimwa kwa nguvu.

Soko lenyewe lilikuwa limevunjika kwa pigo mara mbili. Huko Japani, Kokichi Mikimoto alikuwa amefaulu mwaka 1893 kumfanya chaza atengeneze lulu kwa kutiwa kitu ndani yake, na kufikia miaka ya 1920 lulu za mviringo za kufugwa zilikuwa zikiuzwa Ulaya kwa bei ya chini. Kisha mwaka 1929 ukaja mdororo wa uchumi wa dunia, na wanunuzi matajiri wa New York na Paris wakatoweka. Biashara ya miaka elfu kadhaa ilianguka katika muda usiozidi miaka kumi.

Mwaka huo huo wa ghasia, 1932, kisima cha kwanza cha mafuta katika upande wa Kiarabu wa Ghuba kilitoa mafuta karibu na Jabal Dukhan, katikati ya kisiwa kikuu cha Bahrain. Kampuni ya mafuta ilihitaji vibarua, na wapiga mbizi walizoea kazi ngumu. Mshahara ulikuwa mdogo, lakini ulilipwa kila wakati ulipofika, na haukuandikwa kama deni.

Waliotoka upande wetu

Jioni ndiyo saa ya muziki. Fijiri ni muziki wa mabaharia wa lulu, na mwaka 2021 UNESCO iliutia katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Huimbwa na wanaume walioketi duara, kiongozi akipaza sauti na wenzake wakimwitikia kwa mngurumo mzito wa chini. Ala ni chache: ngoma ndogo, matoazi, mtungi wa udongo unaopigwa kwa viganja, na makofi. Hapo zamani uliimbwa katika nyumba maalumu zilizoitwa dar, ambamo wanaume walikutana nje ya msimu, na mbili kati ya hizo, Dar Jinaa na Dar Al Riffa, zimejengwa upya kwa ajili ya maonyesho.

Hata hivyo, sikio la Mswahili litatafuta pia ngoma nyingine inayochezwa Bahrain na kote katika Ghuba, iitwayo liwa, yenye zumari na ngoma kubwa na wachezaji wanaozunguka duara. Katika nyimbo zake mna maneno ya Kiswahili, ambayo waimbaji wengi wa leo huyatamka bila kuyaelewa.

Maneno hayo hayakufika huko kwa biashara ya boriti peke yake. Bei ya lulu ilipopanda katika karne ya 19, mahitaji ya wazamiaji na wavutaji yalipanda pia, na sehemu ya mahitaji hayo ilijazwa na watumwa. Mwanahistoria Matthew Hopper, katika kitabu chake cha mwaka 2015 kuhusu watumwa wa Kiafrika Arabuni, anaonyesha jinsi soko la lulu na la tende katika nchi za Magharibi lilivyochochea usafirishaji wa Waafrika kwenda Ghuba hata baada ya soko la watumwa la Zanzibar kufungwa mwaka 1873. Wengi waliibwa wakiwa watoto. Walipokua walipelekwa baharini, na fungu lao la msimu lilichukuliwa na bwana. Habari zao zimesalia katika maelezo mafupi waliyoyatoa mbele ya maafisa wa Kiingereza walipotoroka na kuomba hati za uhuru: jina, mahali alipoibwa, miaka aliyotumikia, jinsi alivyopigwa kwa kutoleta chaza wa kutosha.

Bahrain ilipiga marufuku utumwa mwaka 1937. Vizazi vya watu hao ni raia wa kawaida leo, na wengi wao hawapendi kuulizwa asili yao na wageni. Msafiri mwenye adabu hatauliza. Qatar, jirani, ilifungua mwaka 2015 makumbusho ya utumwa katika nyumba ya Bin Jelmood mjini Doha, ambamo ushiriki wa Waafrika katika uzamiaji wa lulu umeelezwa waziwazi. Njia ya Muharraq ingenufaika na chumba kimoja cha namna hiyo.

Sokoni na kurudi baharini

Kabla ya giza kuingia, inafaa kupitia upande wa soko la Qaysariyya, ambako maghala ya ukoo wa Fakhro yamekarabatiwa. Juu ya magofu ya mojawapo ya maghala hayo, msanifu majengo wa Uswisi Valerio Olgiati alijenga kituo cha wageni kilichokamilika mwaka 2019. Ni paa kubwa la saruji nyekundu lililoinuliwa juu ya nguzo, lenye matundu ya pembe tano yanayodondosha miale ya jua juu ya mawe ya kale. Wapo wanaoliona kuwa kubwa mno kwa mji wa vichochoro. Mchana wa joto, chini ya kivuli chake, hoja hiyo hupoteza nguvu. Mwaka huo huo wa 2019, ukarabati wa Muharraq ulishinda Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo.

Sokoni pana wauza halua, na hapana haja ya kumfundisha mtu wa Mombasa jinsi ya kuila: ni ile ile inayonata, yenye zafarani na lozi, nayo huandamana na kahawa chungu.

Anayetaka kununua lulu anapaswa kujua jambo moja. Bahrain ilipiga marufuku biashara ya lulu za kufugwa tangu zama za anguko la soko, na hadi leo imeendelea kulinda jina la lulu zake za asili. Taasisi ya vito ya DANAT, iliyoanzishwa mwaka 2017, huzikagua lulu kwa mashine na kutoa vyeti. Punje ndogo hununulika, lakini mkufu ulio sawa punje kwa punje huchukua miaka kukusanywa, na bei yake ni ya kuulizia kwa ujasiri.

Mwenye siku ya pili anaweza kuzama mwenyewe. Serikali hutoa leseni kwa wenyeji na wageni, mashua huwapeleka hadi kwenye mafungu ya chaza kaskazini mwa kisiwa, na kila mwenye leseni huruhusiwa kuchukua chaza wasiozidi 60 kwa siku. Siku hizi kuna mitungi ya hewa, miwani na viatu vya mpira. Chaza hupasuliwa juu ya mashua kwa kisu kifupi, mmoja baada ya mwingine, na wengi wa wageni hufika wa sitini bila kuona chochote ila nyama ya kijivu na maji ya chumvi.